Mwambie Zuhura, Mkono

Ninyi mlionipigia jioni ile kuuliza nimepotelea wapi, mkanisubiri kwenye kikao cha harusi ya Rehema mpaka chakula kikapoa, haya, jibu lenu hili hapa. Nimelichelewesha kwa sababu nikilisimulia kwa mdomo naanza vizuri, watu wanacheka, nami nacheka nao, halafu nikikaribia mwisho sauti inanikimbia. Kwenye maandishi angalau hakuna anayeniangalia usoni.

Safari ilikuwa ya kutoka kwangu Tegeta kwenda Mtoni kwa baba. Najua mtasema hiyo si safari, ni kuvuka mji tu. Siku nyingine ningekubaliana nanyi. Siku ile niliondoka chai ikiwa bado mezani, nikafika watu wanatoka kuswali alasiri, na njiani nikaendesha magari mawili ya watu huku langu, zima na lenye mafuta, limelala uani kwangu.

Tegeta, chai ikiwa mezani

Shangazi Mwaju, dada yake baba, ndiye anayekaa naye Mtoni tangu kiharusi kimpige. Kilimpiga upande wa kushoto: mguu, mkono, na nusu ya mdomo. Tangu hapo maneno yake yanatoka moja moja, na ukimharakisha hayatoki kabisa. Baba alikuwa dereva maisha yake yote. Wengine walimhurumia kwa mguu, lakini mimi nilijua kinachomuuma ni mkono ule wa kushoto, maana ndio mkono wa gia.

Baba alikuwa na maneno yake juu ya mkono huo. Kwetu, kama kwenye nyumba nyingi za watu wa pwani, mkono wa kushoto hauli, haupokei, wala haumpi mtu kitu. Ukiunyoosha mbele ya watu wazima unapigwa kikofi. Lakini baba tukiwa mkekani tunakula alikuwa akiunyanyua wa kwake na kusema, "Huyu hapa hali, lakini ndiye anayewalisha." Mama alikuwa akimwambia aushushe, wageni wataona.

Kila Ijumaa nilikuwa nakwenda kuuchua mkono ule kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kidogo, kidole baada ya kidole. Ijumaa moja katikati ya kuchua akasema, kwa taabu, "Ukirudi... wewe... kwanza." Nikamuelewa. Siku mkono ukirudi, wa kwanza kuuona niwe mimi. Nikamwahidi kwamba siku hiyo nitakuja mbio hata kama nimo bafuni na povu kichwani. Alicheka kwa ile nusu ya mdomo inayocheka.

Kuna jambo jingine lazima mlijue, bila hilo mtaniona mpumbavu zaidi ya nilivyo. Watu mjini wanasema gari la manyuali. Nyumbani kwetu hatukuwahi kusema hivyo. Baba aliyagawa magari yote ya dunia mafungu mawili: la mkono na la uvivu. Langu ni otomatiki, kwa hiyo ni la uvivu. Nilipompelekea alione lilipokuwa jipya kwangu, alikaa kwenye usukani, akaisukuma ile fimbo mbele na nyuma, akasema, "Haisemi kitu hii," akashuka. Basi kwetu ukisema "mkono" umeshasema gari. "Mkono uko kwa fundi." "Nani kachukua mkono?" "Njoo na mkono, kuna gunia la mkaa." Hatukuwa na haja ya kumalizia.

Asubuhi ile simu ikalia. Shangazi alikuwa anahema.

"Zuhura! Baba yako anakuita. Anasema mkono."

"Mkono?"

"Mkono! Hana neno lingine. 'Mwambie Zuhura, mkono.' Njoo mwanangu, njoo sasa hivi!"

Simu ikakatika. Shangazi ana tabia ya kununua vocha ya kusema nusu ya jambo.

Nikabaki nimesimama na ufunguo wa gari langu mkononi, na furaha ikanijaa kifuani. Kwa miezi yote ile baba hakuwa ameomba kitu, hata uji alikuwa anangoja apewe. Leo ameomba gari la mkono. Anataka akae ndani, asikie gia zikiingia. Nikaangalia ufunguo wa la uvivu, nikaona kumpelekea lile itakuwa kumkejeli mgonjwa. Nikaurudisha kwenye bakuli juu ya friji. Ningekuwa na uwezo wa kufuta kitendo kimoja tu nilichofanya mwaka huu, ningefuta hicho.

Tegeta hadi Ubungo, na mwalimu kiti cha pembeni

Magari ya mkono pale mtaani kwetu yamebaki machache: malori ya mchanga, na kigari cha Mwalimu Chande, jirani yangu anayefundisha udereva. Nikamkimbilia. Hakukataa, ila alikuwa na masharti. Yeye lazima awemo, maana gari lina kibao cha mwanafunzi, na mwanafunzi wake wa asubuhi hatashuka.

Mwanafunzi mwenyewe alikuwa Mama Tumsifu, mama wa Kilimanjaro mwenye duka la mabati na misumari, ambaye amejifunza udereva muda mrefu kiasi kwamba mtaa mzima umeshaacha kuuliza. Alikubali kuhamia kiti cha nyuma akiwa amepakata hotipoti. "Mgonjwa kwanza," alisema. "Lakini somo langu nimeshalilipia, Mwalimu. Tuelewane."

Sasa niwaambie habari za gia za gari lile. Fimbo yake ilikuwa imelegea kama mwiko kwenye sufuria la uji. Gari likiwa kwenye gia unaweza kuizungusha fimbo na gari lisijue. Mikono ya wanafunzi wote wa Tegeta na Bunju imepita pale, ya wenye hofu na ya wenye pupa, na kila mmoja ameondoka na kipande chake. Namba moja na namba tatu zilikuwa hazina ukuta kati yake. Unaiomba moja, unapewa tatu, gari linatetemeka, linazima. Rivasi ndiyo pekee iliyoingia kwa heshima.

"Usiilazimishe, dada," Mwalimu Chande aliniambia. "Hiyo bembeleza. Iulize kwanza."

Ugumu zaidi ulikuwa miguuni. Upande wake kuna pedeli nyingine za klachi na breki, na miaka ya kufundisha imeupa mguu wake akili yake wenyewe. Kabla sijakanyaga klachi, yangu tayari imezama. Nikitaka kuachia taratibu, yeye ameshaachia. Nilijiona nimerudi kuwa mwanafunzi, na kutoka nyuma Mama Tumsifu alikuwa ananikumbusha kuangalia kioo. Bodaboda wakisoma kile kibao wanapita wananipigia honi za kejeli. Mmoja aliinama dirishani: "Bi mkubwa, ukifika Mwenge salama nitumie meseji!"

Foleni ilitukamata kabla ya Afrikana ikatushika mpaka Mwenge. Hotipoti ikafunguliwa. Ndani kulikuwa na machalari, ndizi zilizopikwa na nyama mpaka zinayeyuka, na Mama Tumsifu akatulisha sisi sote kwa kijiko kimoja, kwa zamu, gari likiwa free, halimo kwenye gia yoyote. Sikumbuki kuwa na haraka. Nilikuwa nafikiria uso wa baba akisikia gia.

Pale Mwenge Mama Tumsifu akadai haki yake. Alisema kwa upole kwamba somo linaishia kwenye foleni na yeye hajashika hata usukani. Mwalimu Chande akaniangalia. Ningesema nini? Gari si langu, na machalari yake nimekula. Nikahamia nyuma na hotipoti tupu, yeye akakaa mbele.

Sikulaumu kujifunza kwake. Tatizo lake lilikuwa moja: alikuwa hauamini mguu wake. Klachi aliishikilia katikati, haimo haitoki, tangu Mwenge, kwenye kila msimamo, na Mwalimu naye amechoka kuikanyaga kwa niaba yake. Kwenye kile kimwinuko kabla ya Ubungo nikasikia harufu ya ukoko wa wali uliosahaulika jikoni. Moshi ukapanda chini ya dashibodi. Injini ikanguruma kwa nguvu zote, na gari likabaki palepale limesimama.

"Imekula," Mwalimu alisema.

"Nini?" Mama Tumsifu akauliza. "Jamani, mie nilidhani harufu ni ya gari la mbele!"

Tukalisukuma pembeni sote watatu, na Mama Tumsifu ndiye aliyesukuma kuliko sisi, huku anaomba radhi kwa kila anayepita. Mwalimu Chande alikaa ukingoni na simu yake kumtafuta fundi. Hakunilaumu, na mpaka leo hajanilaumu.

Hapo ndipo ningeweza bado kuokoka. Bajaji kutoka pale ingenifikisha Mtoni mapema tu. Lakini kutoka Ubungo kwenda Mabibo ni pua na mdomo, na Mabibo ndiko iliko pikapu ya baba, yenyewe hasa, ile aliyomuuzia Ami Nassor miguu ilipoanza kuchoka. Nikasema Mungu ameunguza klachi kwa makusudi. Kwa kweli nilimshukuru, kwa sauti, mbele ya Mwalimu Chande.

Nikampigia shangazi. Malori yanapita, na upande wake watoto na wanawake wanasema wote kwa pamoja.

"Shangazi! Mwambie baba mkono upo! Tena ule wake mwenyewe!"

"Wake mwenyewe, eeh! Upo, mwanangu, upo! Unakwenda mbele, unarudi nyuma! Alhamdulillahi!"

"Mwambie anisubiri!"

"Asubiri nini tena? We njoo!"

Nikacheka peke yangu pale barabarani. Nilidhani baba ameshaanza kumweleza shangazi habari za gia, mbele na nyuma, na shangazi wa watu anaitikia tu asichokijua.

Mabibo, ndizi na ufunguo

Dereva wa bajaji iliyonipeleka sokoni alikuwa anabadili gia kwenye mshikio wa kushoto, anazungusha kiganja kidogo tu, huku simu iko kati ya sikio na bega anagombana na mtu habari za sofa. Nikaona hata bajaji ni ya mkono. Niliwaza nitamwambia baba, atafurahi.

Ami Nassor ni wa familia ya maduka ya zamani, yeye na baba yangu wamejuana tangu wote wana nywele. Nilimkuta mlangoni mwa ghala lake, kofia imepinda, anahesabu kwa macho mikungu ya ndizi inayoshushwa. Na ndizi zilikuwa zinashushwa kutoka wapi? Kutoka pikapu ile ile, ya bluu iliyopauka, taa moja imekodoa.

"Shikamoo, Ami."

"Marhaba, binti yangu. Mzee yuko vipi?"

Nikamweleza. Macho yakamlowa. "Kaomba gari yake? Chukua. Chukua sasa hivi, hata kesho usirudishe. Ila itashushwa kwanza, na wewe utakula kwanza. Binti yake aje kwangu aondoke mdomo mkavu? Atanielewa vipi mimi?"

Nilijaribu kukataa. Nyie mnajua kukataa chakula cha mtu mzima kulivyo. Tukakaa nyuma ya ghala, sinia la wali wa nazi na papa mkavu wa mchuzi likaletwa, pilipili ya kukamua juu, na tukala tunasikia mikungu ikishuka. Kilikuwa chakula kitamu. Nikiukumbuka utamu wake sasa nakasirika.

Katikati ya kula Ami akatoa ufunguo mfukoni akaninyooshea. Mkono wangu wa kulia umejaa wali na mchuzi, nikanyoosha wa kushoto. Ufunguo ukarudi nyuma.

"Kushoto, binti?"

"Wa kulia una wali, Ami."

"Basi utaosha. Ufunguo haukimbii."

Nikaona haya, mtu mzima kama mimi. Kwa kujitetea nikamwambia lile neno la baba, kwamba huyu hali lakini ndiye anayewalisha. Ami Nassor akaacha kutafuna. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanzu, kisha akaunyakua mkono wangu wa kushoto yeye mwenyewe na kuubandika ufunguo kiganjani. "Kwa gari hiyo, sawa," alisema. "Kwa gari hiyo, huyo ndiye mwenyewe."

Pikapu ilipokuwa tupu nikaona kwamba kichwa cha fimbo ya gia kimebadilishwa. Wamefunga kile cha kioo chenye ua ndani, kama vilivyo kwenye malori mengi. Nikauliza cha zamani kiko wapi. Ami akafungua kisanduku cha dashibodi, akachakura vitambaa na bisibisi, akakitoa. Kichwa cheusi, kidogo, kimesuguliwa na kiganja cha baba mpaka namba zote za gia zimefutika. Nikakifungua cha ua, nikakifunga chake palepale.

Barabara ya Mandela, namba tatu

Nisiwafiche, nilifurahi. Kutoka Mabibo mpaka Buguruni nilifurahi kama mtoto wa Idi, na hilo ndilo ninaloshindwa kujisamehe.

Gia za pikapu ile si za kubembelezwa. Fimbo ni ndefu, inatoka chini kabisa imepinda kama goti, na safari ya kutoka namba moja kwenda mbili ni ya kuinamisha bega. Lazima upumzike kidogo pale katikati, kwenye free, kama mtu anayepiga hodi. Ukikurupuka inasaga meno na barabara nzima inajua. Namba mbili ni nzito na mkaidi. Lakini tatu! Tatu huiingizi. Unaielekeza tu, inajiendea, na unaisikia ikikaa mahali pake kwa kishindo kidogo laini kinachopanda mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kinajua injini inataka nini kabla sikio halijajua. Inatetemeka hivi, ina njaa, rudi mbili. Inatulia hivi, iko sawa, usiiguse.

Kule kwenye kigari cha Mwalimu gia zilikuwa zimesahau kila kitu. Kwenye langu la uvivu hakuna anayeniuliza chochote. Hii ilikuwa inaongea, na ilikuwa inaongea kwa sauti ya baba. Alinifundisha ndani ya pikapu hii kwenye uwanja wa mpira, mimi nimebana fimbo kwa ngumi, yeye ananipiga kofi dogo kwenye kifundo: "Usiishike kama unaiiba. Weka kiganja, iache ikwambie." Nilijiambia nitamweka kwenye usukani, na mkono ule uliolala ukipata mtetemeko huu wenyewe utaamka. Nilikuwa na hakika hiyo, kama daktari.

Buguruni tukasimama. Hapo nikajua pikapu ina watu wake. Kabla sijavuta hendibreki, kina mama wa barabarani wamezunguka bodi, wanaijua kwa rangi. Niliwaambia haina ndizi. Mmoja, mwenye khanga ya kijani, hakuniamini hata chembe.

"Gari ya Nassor haina ndizi? Na wewe nani?"

"Mie binti wa mwenyewe wa zamani."

"Mwenyewe wa zamani hanihusu, mie nataka mkono wa ndizi."

Chane moja ya ndizi wengine huiita mkono, nanyi mnajua. Akapanda nyuma kweli, akakagua, akakuta chane moja iliyosahaulika kwenye kona, akashuka nayo ameinua juu kama kombe. Nikamwambia achukue bure. Magari nyuma yanapiga honi, mimi nacheka. Siku nzima watu walikuwa wananitajia mkono, na sikuusikia hata mmoja.

Baada ya Tazara nikampigia shangazi, hakupokea. Nikakumbuka ni wakati wa swala. Pale Uhasibu foleni nyingine ya malori ya bandarini, hatua kwa hatua kwa namba moja, klachi ile ngumu ikanikaza paja mpaka nikawa natetemeka mguu. Nikakata kushika barabara ya Kilwa jua limeshaanza kulala upande mmoja.

Mtoni

Nilianza kupiga honi tangu kwenye kona ya msikiti. Nilitaka baba aisikie ikija, aijue kwa mlio. Nikasimamisha mbele ya baraza, nikaiacha inanguruma.

Shangazi akatoka amejifunga mtandio kiunoni. Akaangalia pikapu. Akaniangalia mimi. Akaangalia tena pikapu.

"Umetoka wapi?"

"Mabibo. Nimeufuata mkono. Si alisema mkono?"

"Mkono gani? Hii si gari?"

"Ndiyo mkono, shangazi. Gari ya mkono. Pikapu yake!"

Akaweka mikono yote miwili kichwani. Kumbukeni kwamba shangazi ameishi Kisiju maisha yake yote, kaja kwetu juzi tu kumuuguza kaka yake. Hakuwahi kukaa nyumba ile siku tulipokuwa tunasema "nani kachukua mkono."

"Zuhura," alisema pole pole, "mkono. Mkono wake. Ulitikisika."

Nikazima gari.

Akanisimulia pale pale barazani. Alfajiri alipokwenda kumgeuza baba, akaona vidole vya kushoto vinacheza kwenye shuka. Akadhani ni upepo wa feni. Baba akamwonyesha: akausogeza mkono mbele, akaurudisha nyuma. Pembeni, mbele, nyuma. Shangazi hakujua ni nini, alidhani anaandika herufi. Majirani wakaja, wakalia, wakacheka. Na baba kila mtu akimpongeza alikuwa anasema lile lile: "Mwambie Zuhura, mkono." Asubuhi nzima alikuwa anauchezesha, hataki kuupumzisha, na kila gari likisimama nje anaangalia mlango. Wakamwambia lala kidogo, akakataa. Adhuhuri usingizi ukamshinda. Alipoamka mkono haukuamka naye.

"Mie nilikwambia kwenye simu," shangazi alisema, na sasa alikuwa analia. "Nilikwambia unakwenda mbele, unarudi nyuma."

Alikuwa ameniambia kweli.

Nikaingia. Baba amelala chali, amevalishwa shati safi lile la Idi, la kupokelea mgeni. Mgeni mwenyewe mimi. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, baba."

"Mara... haba."

Nikauchukua mkono wa kushoto. Nilikuwa naujua mkono ule kwa miezi mingi ya mafuta, uzito wake na ubaridi wake. Ulikuwa vile vile. Nikauminya, nikaubembeleza, nikaukunja vidole. Baba alikuwa ananiangalia mimi, hauangalii mkono. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Kisha akageuza kichwa dirishani. "Pikapu," alisema. Alikuwa ameijua kwa mlio.

Wanaume wawili wa jirani wakatusaidia kumbeba mpaka kwenye usukani, mito huku na huku. Mimi nikakaa kiti cha abiria, nikauweka mkono wake wa kushoto juu ya kile kichwa cheusi, na wangu wa kulia juu ya wake. Injini imezimwa. Nikaanza kuzisogeza gia. Namba moja. Nikapumzika kwenye free. Namba mbili. Na tatu ikajiendea yenyewe, ikakaa na kishindo chake kidogo, na najua aliusikia, maana alifumba macho.

Nilingoja. Chini ya kiganja changu hakikusogea kitu.

Baba akafumbua macho, akaniangalia, akalitafuta neno kwa muda mrefu. Shangazi akataka kumsaidia, nikamzuia.

"Asubuhi," alisema. Na baada ya kupumua, "Asubuhi, Zuhura."

Kurudi

Niliirudisha pikapu Mabibo kesho yake. Ami Nassor alipouliza kama mzee amefurahi, nikasema amefurahi, kwa sababu sikuwa na nguvu ya kumweleza mtu aliyenilisha kwa moyo mweupe kwamba sinia lile nalo lina sehemu yake ya kunichelewesha. Akaniambia kile kichwa cha gia nibaki nacho. Mwalimu Chande amepata klachi nyingine na Mama Tumsifu bado yumo darasani.

Daktari anasema mkono uliokuja mara moja unaweza kuja tena. Nikamuuliza lini, akasema hapangi yeye. Kile kichwa cheusi nakiweka kiganjani mwa baba kila nikimchua, navikunja vidole vyake juu yake mimi mwenyewe, na nikiviachia kinadondoka kwenye shuka.

Nakwenda na la uvivu. Natoka Tegeta giza bado halijaisha, kabla ya foleni na kabla ya mtu yeyote kunipigia simu. Ndiyo maana mnanitafuta hamnipati. Jioni nipigieni tu, nitapokea. Asubuhi msinitafute, asubuhi niko Mtoni nimekaa upande wake wa kushoto.